Kutafuta Makala ya Utafiti katika Kanzidata za Maktaba

Kanzidata ya makala ya kitaaluma ni ghala la kielektroniki ambamo kila makala huwekewa kumbukumbu yake, yaani jina la mwandishi, kichwa, jarida, mwaka, ikisiri na mara nyingine matini kamili. Mtafiti anapoandika maneno kwenye kisanduku cha kutafutia, mfumo kwa kiasi kikubwa hulinganisha herufi alizoandika na herufi zilizomo katika kumbukumbu hizo, kisha humletea zile zinazooana. Haumuulizi alikusudia nini, wala haumwambii kwamba waandishi wengine wa mada hiyohiyo wametumia neno jingine kabisa. Hapo ndipo watafiti chipukizi wengi hukwama, hasa wanafunzi wa uzamili ambao huandika kichwa kizima cha tasnifu yao, hupata matokeo mawili matatu yasiyohusika, kisha hutangaza katika sura ya mapitio ya maandiko kwamba hakuna utafiti uliofanywa kuhusu mada yao. Dai hilo ni zito, na mara nyingi si kweli: tafiti zipo, ila zimeandikwa kwa maneno ambayo hayakutafutwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi ya utafutaji hufanyika kwenye karatasi kabla kanzidata haijafunguliwa, pale mtafiti anapojiuliza wenzake waliotangulia wameliitaje jambo analolichunguza.

Hatua ya kwanza ni kuliandika swali la utafiti kwa sentensi moja kamili na kulivunja katika dhana zake kuu. Mtu anayetaka kujua iwapo vyandarua vyenye dawa vimepunguza malaria miongoni mwa watoto wa chini ya miaka 5 nchini Tanzania ana dhana nne mikononi: chandarua, ugonjwa, umri na mahali. Maneno kama "athari", "mchango", "uhusiano" na "tathmini" yana kazi katika kichwa cha tasnifu, lakini katika kanzidata hayana kazi, kwa kuwa yanapatikana katika makala ya kila taaluma na hayachuji chochote, hivyo ni bora yaachwe. Chini ya kila dhana mtafiti anapaswa kuorodhesha majina yote ambayo jambo hilo linaweza kuwa limepewa. Kwa kuwa kumbukumbu nyingi za kanzidata za kimataifa zimo katika Kiingereza, orodha ya chandarua itakuwa na "bed net", "bednet", "mosquito net", pamoja na vifupisho "ITN" na "LLIN", ambavyo cha kwanza husimama badala ya chandarua kilichotiwa dawa na cha pili badala ya chandarua ambacho dawa yake hudumu muda mrefu. Anayetafuta kwa umbo moja tu hupoteza, bila kujua, makala yaliyotumia maumbo mengine.

Dhana ya mahali huwa na mitego yake. Majina ya nchi hubadilika, na makala ya zamani hubaki na majina ya wakati wake: anayechunguza historia ya kilimo nchini Tanzania hana budi kutafuta pia "Tanganyika" kwa kipindi cha kabla ya 1964, anayechunguza Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo atafute "Zaire" kwa miaka ya 1971 hadi 1997, na anayechunguza Rwanda au Burundi kabla ya uhuru wa 1962 atafute "Ruanda-Urundi". Vilevile waandishi wengi hawataji nchi katika kichwa cha makala bali wilaya au mji, na katika utafiti wa malaria majina kama Kilombero, Ulanga, Ifakara na Bagamoyo hutokea tena na tena, kwa sababu huko ndiko kazi nyingi za uwandani zimefanyika.

Orodha ikishakamilika, maneno huunganishwa kwa viunganishi vya Boole, vilivyopewa jina la mwanahisabati Mwingereza George Boole (1815–1864), ambaye alionyesha jinsi hoja za kimantiki zinavyoweza kuandikwa kama hesabu. Viunganishi hivyo ni vitatu, na kanzidata nyingi huvitaka viandikwe kwa herufi kubwa: AND hudai kwamba maneno yote yaliyounganishwa yawemo katika kumbukumbu moja, OR huridhika na lolote kati yake, na NOT huondoa kila kumbukumbu yenye neno lililotajwa. Wanaoanza hukosea hapa kwa sababu katika mazungumzo ya kawaida "na" huongeza vitu, ilhali katika kanzidata AND hupunguza matokeo na OR ndiyo inayoyaongeza. Kanuni ya kushika ni kwamba majina mbalimbali ya dhana moja huunganishwa kwa OR, kisha dhana zenyewe huunganishwa kwa AND.

Viunganishi viwili vinapokutana katika mstari mmoja, mabano ndiyo yanayoiambia kanzidata kipi kitangulie. Mtafiti wa fasihi anayetaka makala kuhusu tenzi za visiwa vya kaskazini mwa pwani ya Kenya akiandika: Lamu AND utenzi OR utendi, mfumo unaosoma kutoka kushoto kwenda kulia, kama kanzidata ya tiba ya PubMed, utamletea makala yote yenye neno "utendi" hata yasiyohusu Lamu kamwe. Akiandika: (utenzi OR utendi OR tenzi OR tendi) AND (Lamu OR Pate OR Siyu), atapata alichokusudia. Kuhusu NOT, inashauriwa itumike mara chache sana. Mtafiti wa Tanzania Bara anayeandika NOT Zanzibar kwa nia ya kupunguza wingi wa matokeo huyafuta pia makala yanayolinganisha pande zote mbili, ambayo huenda ndiyo yenye manufaa zaidi kwake, na kwa kuwa yamefutwa kimyakimya hatajua kwamba yalikuwapo.

Zana nyingine mbili ni alama za mtajo na kinyota. Alama za mtajo hufunga maneno yawe kirai kimoja kwa mpangilio uleule, hivyo "primary school" ndani ya alama hizo haitaleta makala ambamo neno la kwanza liko katika kichwa na la pili katika aya ya mwisho. Kinyota hukata neno mwishoni na kuruhusu viambishi vyovyote vifuate: "vaccin*" italeta maneno ya Kiingereza ya chanjo, chanjo nyingi, kuchanja na aliyechanjwa kwa mpigo mmoja. Ni lazima shina liwe refu kiasi, kwa kuwa "mal*" italeta malaria pamoja na Malawi, Mali na utapiamlo. Kati ya alama za mtajo zinazobana mno na AND inayolegea mno zipo amri za ukaribu, zinazodai maneno mawili yawe ndani ya umbali fulani. Kanzidata ya Web of Science hutumia NEAR/5 na ile ya Scopus hutumia W/5 kwa maana ya maneno yasiyotengana kwa zaidi ya maneno matano, na ukurasa wa msaada wa kila kanzidata hueleza namna yake.

Kinyota, hata hivyo, humwacha mkono mtafiti anayetafuta kwa Kiswahili, na jambo hili halielezwi katika miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya wasemaji wa Kiingereza. Kiingereza hubadilisha maneno mwishoni, ilhali Kiswahili huyabadilisha mwanzoni: shairi huwa mashairi, mwandishi huwa waandishi, utenzi huwa tenzi, na kitenzi "soma" hutanguliwa na viambishi vya nafsi na njeo. Kanzidata nyingi hazikubali kinyota mwanzoni mwa neno, hivyo hakuna mkato wa kuyapata "shairi" na "mashairi" kwa pamoja. Dawa yake ni kuandika umoja na wingi wake kamili na kuviunganisha kwa OR, na pale vitenzi vinapohusika, kutumia nomino zinazotokana navyo, kwa mfano "usomaji" badala ya kuhangaika na "anasoma" na "walisoma".

Tatizo hilo huongezeka kwa sababu ya tahajia. Makala ya Kiingereza yaliyoandikwa Ulaya na Marekani kwa kawaida husema "Swahili", wakati mengi yanayoandikwa Dar es Salaam na Nairobi husema "Kiswahili" hata ndani ya sentensi za Kiingereza, na anayetafuta kwa umbo moja huliona kundi moja tu la wanazuoni. Shujaa wa utendi maarufu ni Liyongo kwa baadhi ya waandishi na Liongo kwa wengine. Mtunzi wa utendi wa 1858 wa kumwusia binti yake ni Mwana Kupona au Mwanakupona. Muziki wa pwani ni taarab, taarabu au tarabu. Na mwandishi mashuhuri aliyefariki 1962 ni Shaaban Robert, lakini pia Shaban. Ritifaa ya "ng'ombe" nayo huandikwa kwa zaidi ya alama moja ya kompyuta, na baadhi ya mifumo huzihesabu alama hizo kuwa tofauti. Mtafiti wa lugha na fasihi anayetenga saa nzima kukusanya tahajia za majina yake muhimu hajaipoteza saa hiyo.

Njia ya kuepuka utitiri huu wa majina ni msamiati dhibiti, yaani orodha rasmi ya istilahi ambazo kanzidata huyabandikia makala ili yote yanayohusu jambo moja yakutane chini ya jina moja, haidhuru mwandishi ametumia neno gani. Mfano uliokamilika zaidi ni MeSH, msamiati wa tiba unaotunzwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani tangu 1960, ambao ndio uti wa mgongo wa PubMed. Katika msamiati huo vyandarua vyenye dawa vina istilahi yake, "Insecticide-Treated Bednets", na anayeitumia huyapata makala yaliyosema "ITN" sawasawa na yale yaliyosema "mosquito net". Istilahi hizo zimepangwa kwa ngazi, kutoka pana hadi finyu, hivyo anayeomba "Malaria" huletewa pia yaliyowekwa chini ya malaria ya falsiparamu na malaria ya ubongo bila kuyataja. Kasoro yake ni kwamba kumbukumbu mpya kabisa, pamoja na makala ya majarida yaliyomo PubMed bila kupitia mchakato huo, hazina istilahi hizo. Kwa hiyo utafutaji makini huunganisha vyote viwili kwa OR: istilahi dhibiti upande mmoja, na maneno huru ya kichwa na ikisiri upande wa pili. Kanzidata isiyo na msamiati wa namna hii humlazimu mtafiti ategemee orodha yake mwenyewe, lakini hata hapo anaweza kufungua makala moja zuri alilokwisha kulipata, akatazama maneno makuu waliyoyaweka waandishi wake, na kuyaongeza kwenye orodha.

Uteuzi wa kanzidata hutegemea taaluma. PubMed, inayotumika bure tangu 1997, inafaa tiba na afya ya jamii. JSTOR, iliyoanzishwa 1995, ina nguvu katika historia, fasihi, anthropolojia na sayansi ya siasa, ingawa majarida yake mengi huchelewa miaka kadhaa kuingizwa, hivyo haifai kutegemewa kwa makala ya karibuni. Scopus na Web of Science ni pana na hugusa karibu kila taaluma, lakini hulipiwa. Mtafiti wa Afrika Mashariki anayeishia hapo, hata hivyo, huliona bara lake kwa macho ya watu wa mbali, kwa kuwa majarida mengi yanayochapishwa Afrika hayamo katika kanzidata hizo kubwa. African Journals Online, iliyoanza 1998 na ambayo makao yake sasa yako Afrika Kusini, imekusanya mamia ya majarida ya bara hili, na DOAJ, iliyoanzishwa 2003 katika Chuo Kikuu cha Lund nchini Sweden, huorodhesha majarida ya dunia nzima yanayosomwa bila malipo. Kwa masuala ya Kiswahili, majarida yaitwayo Kiswahili na Mulika ya TATAKI, taasisi ya taaluma za Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na Swahili Forum lililoanza 1994 nchini Ujerumani, yanastahili kufunguliwa moja kwa moja katika tovuti zake, toleo kwa toleo, badala ya kungoja kanzidata iyalete.

Google Scholar, iliyozinduliwa mwishoni mwa 2004, inafaa kuwa msaidizi wa kanzidata hizi, isichukue nafasi yake. Upana wake ni mkubwa na huokota tasnifu na ripoti zisizopatikana kwingine, lakini haionyeshi zaidi ya matokeo 1000 kwa utafutaji mmoja, haitii kinyota, wala haina msamiati dhibiti. Isitoshe, hutafuta ndani ya matini kamili, tofauti na PubMed ambayo hutafuta katika kichwa, ikisiri na sehemu nyingine za kumbukumbu tu. Tofauti hii hueleza kwa nini maneno yaleyale huleta matokeo machache mahali pamoja na maelfu mahali pengine, na pia kwa nini neno linaloweza kutajwa kwa kupita tu, kama jina la mji, linafaa kuwekewa mpaka wa sehemu ya kutafutia. Karibu kila kanzidata ina ukurasa wa utafutaji wa kina ambamo mtafiti huchagua neno litafutwe katika kichwa, katika ikisiri au katika jina la mwandishi. Katika JSTOR tahadhari inahitajika, kwa sababu makala yake mengi ya zamani hayana ikisiri, na anayeibana kanzidata hiyo kwenye ikisiri pekee hubaki na sehemu ndogo mno ya akiba yake.

Ni nadra jaribio la kwanza kuleta kinachotakiwa. Matokeo yakiwa machache, mtafiti aondoe dhana moja, kwa kawaida ile ya umri au ya mahali, au aongeze majina kwa OR. Yakiwa mengi, aongeze dhana au abane maneno kwenye kichwa. Inafaa kila dhana itafutwe kivyake kwanza, kisha katika historia ya utafutaji, ambamo kila jaribio hupewa nambari, majaribio hayo yaunganishwe kwa kuandika #1 AND #2 AND #3, kwa kuwa kwa njia hiyo huonekana wazi ni dhana ipi inayoyaua matokeo. Vichujio vya pembeni vinavyobana mwaka, lugha au aina ya makala vina manufaa, isipokuwa kile cha matini ya bure kinachowavutia wengi: kukibofya mapema ni kuamua kwamba makala yanayolipiwa hayana umuhimu kabla ya kuyaona, ilhali mengi yake hupatikana kwa njia nyingine.

Makala mawili au matatu mazuri yakishapatikana, utafutaji hugeuka kuwa ufuatiliaji. Kurudi nyuma ni kusoma orodha ya marejeo ya makala na kuyatafuta yaliyotajwa humo. Kwenda mbele ni kuuliza nani amelirejelea makala hilo tangu lichapishwe. Njia ya pili iliwezekana kutokana na wazo alilolitoa Mmarekani Eugene Garfield mwaka 1955 la faharasa ya marejeleo, lililozaa faharasa ya sayansi ya 1964 ambayo leo imo ndani ya Web of Science, na sasa hupatikana pia katika Scopus na bure katika Google Scholar, chini ya kila tokeo. Ufuatiliaji huu hauna habari na tahajia wala visawe, na ndiyo sababu huokoa makala ambayo hata orodha bora ya maneno ingeyakosa.

Kulipata makala lenyewe ni kazi nyingine. Mtafiti aliye nje ya chuo hana budi kuingia kwanza kupitia ukurasa wa maktaba yake kwa nywila ya taasisi, kwani tovuti ya mchapishaji ikifunguliwa moja kwa moja haimtambui na humdai malipo ambayo maktaba imekwisha kuyalipa. Maktaba za vyuo vya Tanzania hushirikiana kununua majarida kupitia muungano wao uitwao COTUL na za Kenya kupitia ule uitwao KLISC, wakati Research4Life, iliyoanza 2002 kwa mpango wa Hinari wa Shirika la Afya Duniani, hutoa majarida bure au kwa bei nafuu kwa taasisi za nchi zinazostahili. Si wanafunzi wote wanaojua kwamba chuo chao kimesajiliwa, na jibu liko kwenye dawati la mkutubi. Njia hizo zikishindikana, nakala ya mwandishi huweza kuwamo katika hazina ya kidijiti ya chuo chake, nyongeza ya kivinjari iitwayo Unpaywall huitafuta nakala halali ya bure, na barua pepe fupi ya heshima kwa mwandishi mara nyingi hujibiwa kwa kuambatishiwa makala. Marejeo yaliyotolewa na programu za akili unde yasinukuliwe kabla ya kuthibitishwa katika kanzidata, kwa kuwa programu hizo huweza kubuni kichwa, mwandishi na hata namba ya DOI, ambayo ni kitambulisho cha kudumu cha makala; DOI isiyofunguka, au inayofungua makala jingine, ni dalili tosha ya kulitilia shaka rejeo hilo.

Katika muda wote huo mtafiti anapaswa kuweka daftari la utafutaji lenye jina la kanzidata, tarehe, mstari kamili wa maneno kama ulivyoandikwa na idadi ya matokeo, kwa kuwa bila hayo hawezi kuurudia utafutaji wake baada ya miezi sita wala kuwaeleza watahini alifikaje alipofika. Katika mapitio ya kimfumo, ambayo hukusanya tafiti zote za swali moja kwa utaratibu uliotangazwa, kumbukumbu hizo ni sharti. Programu ya bure ya Zotero hupokea marejeo moja kwa moja kutoka kwenye kivinjari, husaidia kuondoa yanayojirudia na kuyapanga kwa mtindo unaotakiwa na chuo. Wakati wa kusimama hufika pale kanzidata mpya zinapoleta makala yaleyale na orodha za marejeo hazitaji jina geni. Hapo mtafiti huuhifadhi mstari wake wa utafutaji katika akaunti ya kanzidata na kuomba taarifa kwa barua pepe kila makala jipya linapoingia, ili yatakayochapishwa anapoandika sura zake yamfikie kabla ya siku ya kutetea tasnifu.